Mbwa Wetu wa Chome Alipozeeka

Geti la nyumba ninayopanga hapa Same ni la bati, na likifunguliwa hulia kama mtu aliyekanyagwa. Kwa miaka mitano, kila nilipolisukuma nikitoka shule, mbwa alikuwa ameshafika kabla sijaingiza mguu wa pili. Siku moja nikalifungua, likalia kama kawaida, nikaingia, nikafunga, nikatua mfuko wa madaftari, na yeye alikuwa amelala tu kivulini kando ya tangi la maji, ubavu ukipanda na kushuka. Nikamwita. Hakutikisa hata sikio. Nikadhani amenuna, maana asubuhi ile nilichelewa nikaondoka bila kumpa chakula. Nikamwendea, nikamgusa begani, akaruka kwa hofu na kunionyesha meno. Kisha akanusa mkono wangu, akajua ni mimi, akaanza kutikisa mkia huku amelaza masikio, kama aliyefanya kosa.

Nikakaa pale pale kwenye vumbi na sketi yangu ya kazini. Nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Hakugeuka. Nikapiga tena, kwa nguvu, mpaka bibi mwenye nyumba akachungulia dirishani kuona kuna nini. Mikono yangu iliposhuka mapajani ndipo mbwa akaitazama, akisubiri kuona kama ina kitu.

Ndiyo siku niliyojua amezeeka. Bila shaka alikuwa amezeeka tangu zamani, ila mimi nilikuwa na madarasa yangu, na madaftari, na foleni ya maji, na sikuwa nimemwangalia vizuri.

Alizaliwa Chome, juu kabisa milimani, karibu na msitu wa Shengena, nyumbani kwa mrina asali mmoja aliyekuwa rafiki wa mume wangu. Mume wangu alimleta ndani ya koti la mvua. Tulikuwa na shamba la mahindi na maharage ukingoni mwa msitu, na kima walikuwa wanavuna kabla yetu, kwa hiyo tulihitaji mbwa. Alikuwa wa rangi ya udongo, miguu ya mbele myeupe. Jina alilopewa sitalitaja, kwa sababu lilikuwa la mwanakijiji mmoja mwenye sauti kubwa kwenye mikutano, na mtu huyo yuko hai na huwa tunasalimiana vizuri. Mume wangu alipenda mzaha wa namna hiyo. Alikuwa akisimama mlangoni analiita lile jina, halafu ananiangalia mimi kama nitacheka. Nilikuwa nacheka kila siku.

Mbwa alipofika miaka minne, mume wangu aliugua tumbo wiki tatu, akafariki. Watoto wetu wawili walikuwa wameshakuwa watu wazima, wana maisha yao mbali. Walikuja, wakazika, wakakaa mpaka matanga yakaisha, wakarudi walikotoka. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi pale pale kijijini. Asubuhi nilikwenda shule, mchana nikarudi, nikakaa jikoni nikitazama majivu. Sikulima. Sikuwa nalia pia. Nilikuwa nimekaa tu.

Mbwa hakukaa. Kila siku saa nane mchana, saa ambayo mume wangu alikuwa akichukua jembe, alisimama, akajinyoosha, akatoka peke yake. Alirudi jua likishuka, tumbo limelowa umande wa majani. Siku moja nikamfuata nione anakwenda kufanya nini. Nilimkuta amekaa kwenye jiwe la juu ya shamba, analinda. Hakukuwa na cha kulindwa. Kima walishamaliza mahindi, na magugu yalikuwa yananifika kiunoni. Lakini alikuwa amekaa wima, anageuza kichwa huku na huku, na aliponiona alitikisa mkia mara moja tu akaendelea na kazi.

Kesho yake nilibeba jembe. Watu wakiniuliza nilisimamaje tena baada ya msiba, huwa nasema ni Mungu na ndugu. Ni kweli. Sikuwahi kuongeza habari ya mbwa, kwa sababu najua watu wangecheka.

Miaka minne baadaye nilihamishiwa shule ya hapa mjini Same. Nyumba ya Chome ikabidi kufungwa, kwa sababu shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa bado anafanya kazi Tanga. Nilipata chumba na sebule kwa bibi mmoja Mwislamu, mjane kama mimi lakini mkubwa kwangu kwa zaidi ya miaka ishirini, mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Nilimweleza kwamba nina mbwa.

“Chumba nakupa, mwalimu,” akasema. “Mbwa simpi.”

“Bibi, hana pa kwenda.”

“Huko milimani huna ndugu?”

“Kwa sasa hayupo.”

Akafikiri. Baraza lake lilikuwa upande wa mashariki wa ua, na hapo ndipo alipokuwa akiswali. Akanionyesha mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, uliokuwa zamani ukingo wa bustani. “Akae kule kwenye tangi. Akivuka mawe haya, wewe na yeye mtatafuta kwingine. Sisemi kwa ubaya.”

“Sijaona ubaya, bibi.”

Ilinichukua siku tatu kumfundisha. Nilimwambia kwa Chasu, lugha yetu ya milimani na pekee aliyoielewa, na hakuvuka yale mawe kwa miaka mitano.

Same ni mji wa joto na upepo wenye vumbi, na yeye alikuwa mbwa wa ukungu. Alichimba shimo pale chini ya bomba la tangi ambapo maji hudondoka, akawa analala na tumbo kwenye udongo wenye unyevu. Kutoka uani kwetu milima inaonekana vizuri, na mchana mawingu yanakuwa yameikalia juu. Mara nyingi nilimkuta amekaa ameelekeza pua kule. Sisemi alikuwa anakumbuka. Labda alikuwa anafuata upepo. Mimi ndiye niliyekuwa nakumbuka, na nilijiona nina hatia kidogo, kwa sababu mimi nilihama kwa barua ya kazi na yeye alihama kwa sababu yangu.

Kila asubuhi alinisindikiza mpaka barabara kuu, pale malori yanapopita kasi. Nikimwambia rudi, alirudi. Kisha akawa anaishia kwenye kona ya mashine ya kusaga. Baadaye akawa anaishia kwenye nyumba ya jirani. Mwisho akawa anafika getini, anasimama, ananitazama nikienda, bila kuonekana kusikitika sana, kama mzee aliyekusindikiza mpaka mlangoni kwa sababu ndiyo heshima yenyewe. Kila alipopunguza, nilijiambia ni joto.

Mwaka ule aliposhindwa kusikia geti, kulikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Nilimpeleka polepole, tukipumzika kila penye kivuli. Bwana mifugo alikuwa kijana mpole mwenye mikono mikubwa. Akampa sindano, akamfunua macho kwa kidole gumba. Yalikuwa yameanza kufunikwa na kitu kama maziwa. Akamshika miguu ya nyuma, akaikunja na kuikunjua.

“Ana miaka mingapi, mama?”

“Anaingia kumi na mitatu.”

“Huyu amekula chumvi nyingi. Mbwa wa huku wengi hawafiki nane.” Akaandika kadi. Halafu akasema bila kuniangalia, “Siku ukichoka, nipigie. Nitakuja nyumbani. Hatasikia maumivu.”

“Nikichoka mimi, au akichoka yeye?”

Akanyanyua macho. “Kwa kawaida mwenye mbwa ndiye anayepiga simu,” akasema.

Nikachukua namba yake. Niliiweka kwenye simu na sikuifuta, lakini kila nilipokuwa natafuta namba nyingine na jina lake likapita, nilipitisha kidole haraka.

Sasa nieleze habari ya kuchoka. Niliamka saa kumi na moja alfajiri kumsimamisha, kwa sababu miguu ya nyuma ilikuwa imekuwa migumu na asiposhikwa kiunoni hakuweza. Nilimpeleka pembeni ajisaidie, nikamshikilia asianguke. Nilimpikia uji mzito wenye dagaa waliosagwa, kwa sababu meno yalikuwa yamebaki machache. Nilitoa magunia aliyoyalalia, nikayafua, nikayaanika, na hapa maji si ya kuchezea. Kisha nikavaa, nikaenda kusimama mbele ya watoto sabini wa darasa la tano. Nikirudi nilikuta amejikojolea, nikaanza upya. Mgongo wangu nao si wa msichana. Jumapili nilisinzia kanisani mpaka mama aliyekaa pembeni yangu akanigusa kwa kiwiko.

Mwalimu mwenzangu, mtu mwema kabisa, aliniambia ofisini, “Mwalimu, unajitesa. Changanya kitu kwenye chakula chake, asubuhi unakuta ameshapumzika. Ni mbwa tu.”

Sikumkasirikia. Nilikuwa nimechoka hata kukasirika. Nilisema, “Ni kweli, ni mbwa,” nikaendelea kusahihisha.

Kisha ikaja wiki ya mitihani. Asubuhi ya Alhamisi nilikuwa nimeshavaa, nimechelewa, nikainama kumwekea maji, akajisaidia pale pale kwenye magunia niliyotoka kuyatandika, na mengine yakanirukia kwenye kiatu na pindo la sketi. Kitu kikakatika ndani yangu. Nilimfokea kwa maneno ambayo sijawahi kumwambia mtoto yeyote darasani. Nilimwambia ananimaliza. Nilimwambia afe basi, kama anataka kufa. Nikamsukuma kwa mguu. Haikuwa kwa nguvu nyingi, lakini yeye hakuhitaji nguvu nyingi. Miguu ya nyuma ikatawanyika, akaanguka ubavu.

Na kwa kuwa alikuwa hasikii, hakujua kwamba natukana. Alijua tu kwamba nimemgusa na kwamba niko karibu. Akainua kichwa kuelekea nilipo, akaanza kutikisa mkia chini kwenye vumbi.

Nilipogeuka nilimwona bibi amesimama barazani, tasbihi mkononi. Alikuwa ameona yote. Tulitazamana, akaingia ndani. Nilimsafisha mbwa, nikabadilisha sketi, nikaenda kusimamia mtihani wa hesabu, na kwa saa mbili zote nilikuwa natembea kati ya madawati nikiona mkia ule.

Wiki chache baadaye macho yakafungika kabisa. Na mbwa asiyeona hajui mawe yaliyopakwa chokaa. Nilirudi shule mchana mmoja nikamkuta barazani kwa bibi, amejinyoosha juu ya mkeka wake wa kuswalia, amelala usingizi mzito, mate yakimtoka. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya kutawadhia, hajui afanye nini. Sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani.

“Mwambie atoke, mwalimu.”

“Hasikii, bibi.”

“Basi mtoe.”

Nikambeba. Alikuwa mwepesi, mbwa aliyekuwa akinivuta mimi kwenye mteremko wa Chome. Nikamlaza kando ya tangi, nikarudi nikiwa tayari kuambiwa nianze kutafuta nyumba. Bibi alikuwa ameshatoa mkeka uani, anausugua kwa mchanga na maji. Nikamwomba anipe niusafishe mimi.

“Acha,” akasema. “Kuusafisha kuna hesabu yake, mara saba, na wewe huijui.”

Nikasimama nikimtazama akimwaga maji, akihesabu kwa midomo, akimwaga tena. Sikupata pa kuweka mikono yangu. Alipomaliza akautundika kwenye kamba, akakaa kwenye ngazi ya baraza, akavuta pumzi.

“Bibi, naomba radhi. Mwisho wa mwezi nitakuwa nimepata pengine.”

“Nani amekwambia uondoke?”

“Amevuka mawe.”

“Mawe anayaonea wapi?” Akajifuta mikono kwa ncha ya kanga. Akaendelea kwa sauti ya chini, akiitazama kamba. “Mume wangu mwisho wake alikuwa hajui mlango wa choo. Mwaka mzima. Siku moja alikojoa ndani ya duka, kwenye majora ya vitambaa, mbele ya wateja. Nilimfokea, mwalimu. Mzee mwenye hadhi yake, alhaji. Nilimfokea kama mtoto, na yeye akanicheka, akaniuliza mimi ni binti ya nani.” Akatikisa kichwa. “Siku ile nilikuona na huyo wako. Nilitaka kukwambia kitu, nikashindwa. Nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe.”

Nilikaa kwenye ngazi ya chini yake. Nilitaka kulia lakini machozi hayakuja. Tulikaa tu, wajane wawili, mpaka ikafika saa ya yeye kutawadha tena.

Tangu siku hiyo, nikiwa shuleni, bibi ndiye aliyemwekea maji. Hakumgusa. Alikuwa na kata yenye mpini mrefu, akamimina kwenye beseni kutoka mbali, kisha akapiga ardhi mara mbili kwa fimbo ili mbwa ahisi mtikisiko na ajue maji yapo. Mimi sikuwa nimelifikiria hilo la fimbo. Alimwita fundi pia akamwekea mabati mawili kuukuu pale ukutani, ya kivuli. Nilipomshukuru, akasema mabati yalikuwa yanamjazia nafasi stoo.

Likizo ya Juni, milimani kunakuwa na baridi kali, na shemeji yangu alikuwa ameshastaafu, amerudi kuishi kwenye nyumba ya Chome. Nikaamua kumpandisha mbwa. Sikujiambia kwamba nampeleka kufa. Nilijiambia nampeleka akapumzike na joto. Nikampigia shemeji, akasema, “Mlete, shemeji. Jiko lipo.”

Pikapu za kupanda mlima hujaa mapema. Dereva alimtazama mbwa, niliyekuwa nimemfunga kwenye blanketi kama mtoto, akakunja uso.

“Mama, huyo mgonjwa? Asije kunifia njiani.”

“Si mgonjwa. Ni mzee.”

“Wazee nao wanakufa njiani.”

Abiria wakacheka, nami nikacheka kidogo, na akatuacha tupande nyuma. Barabara ile ni ya kona na mashimo, kila gurudumu likiruka namshikilia kifuani. Alikuwa anatetemeka. Tulipoanza kuingia kwenye baridi, kwenye harufu ya mikaratusi na moshi wa kuni mbichi, akatoa pua nje ya blanketi. Pua ikaanza kufanya kazi. Akaacha kutetemeka. Mama mmoja aliyeketi juu ya gunia la mchele akaniambia, “Mwangalie, anasoma njia.”

Shemeji alitupokea na makande ya moto. Alitandika ngozi kuukuu ya mbuzi karibu na mafiga, na mbwa akalala pale siku mbili karibu mfululizo. Siku ya tatu, saa nane mchana, nikiwa nachambua maharage mlangoni, nikamsikia anakwaruza sakafu. Alikuwa anajaribu kusimama peke yake. Nilitaka kumsaidia, shemeji akanishika mkono. “Muache kwanza.”

Alianguka mara mbili. Mara ya tatu akasimama. Akatoka nje huku pua iko chini, akashika njia ya shamba.

Njia ile mimi naimaliza kwa dakika kumi. Sisi tulitumia karibu saa nzima. Nilimfuata nyuma kama nilivyomfuata mwaka ule wa msiba, ila sasa alikuwa anasimama kila hatua kumi, anahema, anaendelea. Hakukosea hata kona moja. Penye mfereji nilimvusha. Alipofika kwenye jiwe hakuweza kulipanda, akakaa chini yake, akiegemea.

Shemeji alikuwa amelima vizuri. Mahindi yalikuwa yamekomaa, na katikati yake, hatua kama ishirini kutoka tulipokuwa, kima watano walikuwa wamekaa wanamenya na kula bila haraka. Mmoja alimtazama mbwa, akatafuna, akatazama pembeni.

Mbwa akanyanyua kichwa. Harufu ilikuwa imemfikia. Manyoya ya shingoni yakasimama, akajikaza kwa miguu ya mbele, akabweka. Sauti ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, na alikuwa amegeukia upande wa msitu ambako hakukuwa na kitu. Akabweka tena. Kima hawakuinuka.

Basi nikainuka mimi. Nikaokota mabonge ya udongo nikawarushia, nikapiga kelele, nikakimbia kati ya mahindi na umri wangu huu, kitambaa kikinidondoka kichwani, nikiwatukana kwa Chasu, mpaka wa mwisho wao akaruka kwenye mti na kupotea. Nilirudi napumua kwa shida. Mbwa alikuwa amenyamaza. Alinusa hewa, muda mrefu, upande huu na upande ule. Alipoona harufu imekwisha, akajilaza chini, kichwa juu ya miguu yake myeupe, kama aliyemaliza kazi. Nilikaa pembeni yake. Wakati wa kurudi nilimbeba.

Hakwenda shamba tena. Wiki iliyofuata alikula nusu ya chakula, kisha robo. Shemeji akanijia jioni moja nikiwa naosha vyombo. Ni mtu wa maneno machache. Akasema, “Shemeji, ukitaka nikusaidie, nitakusaidia. Nitamchukua mbali, hutasikia kitu. Na nitafanya vizuri.”

Nilijua anasema kwa huruma. Huku kwetu ndivyo wanavyofanya watu wenye huruma. Nilimuuliza, “Analia maumivu?”

“Hapana.”

“Ana njaa?”

“Hata hiyo hana.”

“Basi tumuache.”

“Sawa,” akasema. “Tumuache.” Hakulirudia tena lile neno.

Ile namba ya bwana mifugo niliitazama pia. Lakini alikuwa Same, na sisi tulikuwa juu, na kumteremsha mbwa kwenye pikapu ile, kupitia kona zote zile, ili akachomwe sindano kwenye joto, sikuona kama ni huruma. Mpaka leo sijui kama niliamua vizuri au nilishindwa kuamua.

Likizo ikaisha. Asubuhi ya kuondoka nilikaa naye karibu na moto. Nilimwekea uso wangu karibu na pua, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokuwa kimebaki kati yetu, akaninusa shavu, shingo, mikono, akarudisha kichwa kwenye ngozi. Pikapu ikapiga honi. Nikaenda.

Shemeji alinipigia kila siku saa ya mchana. Leo ametolewa nje kuota jua. Leo amelamba maziwa kwenye kidole. Leo hakulamba. Siku ya tisa simu iliita wakati wa chai, saa nne, nikiwa ofisini na kikombe mkononi. Saa ya mchana ilikuwa bado, nikajua kabla sijapokea.

“Amekwenda, shemeji. Asubuhi hii. Nilikuwa nachochea moto, nikaona ubavu umetulia.”

“Ulikuwa naye?”

“Nilikuwa naye.”

Kengele ikalia. Nilikuwa na kipindi cha hesabu, nikaenda nikafundisha kujumlisha sehemu, mpaka mwisho wa kipindi. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini nimeandika jibu lisilo sahihi ubaoni. Nikalifuta, nikaandika lililo sahihi. Yule mwalimu mwenzangu sikumwambia, kwa sababu angenipa pole na mimi ningelazimika kuipokea.

Nyumbani bibi aliniona nikiingia. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba.” Akanitazama. “Lini?”

“Asubuhi.”

“Pole, mwalimu. Pole sana.” Akaingia ndani, akaniletea chai ya tangawizi na vitumbua viwili kwenye sahani iliyofunikwa, kama tunavyofanyiana watu tukifiwa.

Nilikunywa chai. Halafu nikalala kitandani na nguo zangu, saa tisa alasiri, nikalala mpaka adhana ya magharibi. Kesho yake niliamka saa kumi na mbili na nusu badala ya kumi na moja. Hakukuwa na magunia ya kufua. Mgongo haukuniuma. Baada ya wiki moja watu shuleni walianza kuniambia ninapendeza, nimenawiri, nimepata nini. Nilikuwa nimepata usingizi. Ilikuwa nafuu, na kila asubuhi niliipokea, na sikuipenda.

Mwezi wa Desemba nilipanda tena Chome. Shemeji alikuwa amemzika ukingoni mwa shamba na kupanda maharage mapya, na mvua zilikuwa nzuri, majani yamefunika ardhi yote. Nilimwomba anionyeshe mahali.

Akasimama, mikono kiunoni. Akatembea huku, akarudi. “Ni hapa,” akasema. Kisha akasogea hatua tatu. “Au pale. Nisamehe, shemeji, sikuweka alama.”

“Haidhuru,” nikasema.

Magugu yalikuwa yameanza kati ya mistari. Akanipa jembe dogo, yeye akachukua kubwa, tukaanza kupalilia, polepole, tukiepuka kukata mizizi.